Flashi ya Dada wa Kintinku

Juzi, katika duka la steshenari hapa Manyoni, dada mmoja wa Kintinku alitaka kuchapisha wasifu wa marehemu baba yake, usomwe mazishini alasiri hiyo. Flashi ilikuwa imeshachomekwa kwenye kompyuta umeme ulipokatika. Uliporudi, kompyuta iliwaka ikabaki nyeusi.

"Imegoma," alisema mwenye duka, akiizima na kuiwasha tena.

"Basi nipe flashi yangu, kaka. Watu wananingoja."

Mwenye duka akaichomoa, akawasha mara nyingine. Kompyuta ikafunguka.

"Umeona, dada? Nimeitengeneza."

"Umeitengeneza, au umenirudishia changu?"

Flashi ikachomekwa tena, wasifu ukachapwa, dada akayawahi mazishi. Ila kompyuta haikugoma. Ilipowashwa, ilianza kutafuta ndani ya flashi, badala ya ndani yake yenyewe, maelekezo ya kuanza kazi, ikakuta habari za mtu aliyemaliza yake.