Tumbo Safi la Mayige

Mayige wa Nkololo alilima pamba na kufuga ng'ombe kumi na wanne. Kwa miaka arobaini tumbo halikuwahi kumlaza. Alikunywa maji ya lambo, akashushia maziwa mgando ya kibuyu, tumbo likanyamaza.

Kisha ikaja biashara huria, na kila aliyepata meza kwenye mnada wa kila wiki akawa daktari. Zamani mgonjwa aliulizwa amekula nini, na kwa nani. Sasa akaulizwa anataka vidonge vingapi. Shija, muuza viatu vya matairi, akaanza kuuza vidonge vya rangi mbili kama anayeuza karanga.

"Mwadila, baba! Tumbo lako lina wadudu wa miaka arobaini," alimsalimu Mayige kwa Kisukuma. "Meza viwili kila mnada, uwe msafi kama watu wa mjini."

Mayige, mzima kama jiwe, akameza. Akameza mnada hata mnada, mwaka mzima. Kibuyu akakitupa zizini.

"Maziwa yanayonuka ni ya washamba," alimwambia mkewe, Nyamizi.

"Basi mimi mshamba," Nyamizi akajibu. "Wewe kunywa usafi wako, bwana wa mjini." Akakiokota kibuyu, akakisuuza, akaendelea kugandisha.

Kiangazi kile lambo likachafuka, kuhara damu kukaingia kijijini. Nyamizi aliumwa siku mbili, akainuka. Mayige hakuinuka. Sisi majirani tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni, macho yamezama, hana hata nguvu ya kuona aibu.

Mganga wa zahanati, Kristofa, alimtundikia dripu, akauliza ametumia dawa gani. Nyamizi akaeleza yote.

"Mama, tumboni mna vijidudu vyetu wenyewe," Kristofa akasema. "Vimejaa kila pembe, ugonjwa ukija haupati pa kukaa kirahisi. Mzee amevifukuza mwenyewe kwa vidonge hivyo. Ugonjwa umekuta nyumba tupu."

"Atapona?"

"Tumechelewa, mama. Lakini najaribu."

Siku ya nne Mayige akafa.

Mazishini vijana walimsifu: mzee alikuwa wa kisasa, alipenda maendeleo. Walisema hivyo bila kuona haya. Katekista Januarius naye akasimama, akatangaza kwamba yote ni mapenzi ya Mungu.

"Msimsingizie Mungu," akasema Nyamizi, kichwa kimenyolewa upya.

 Akafunga kanga kiunoni, akaingia shambani, maana pamba ilikuwa imefunguka yote na mchumaji alikuwa amebaki mmoja.