Hotuba ya Inzi

Watu wakinisifu kwa kuhutubia, harusini au kwenye mkutano wa shule, husema nimezaliwa na kipaji. Hasira hunipanda. Nilizaliwa na aibu tupu. Kusema mbele ya watu nilijifunza Embu miaka ya Imajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ndani ya vijiji vilivyozungushiwa mtaro na miti iliyochongwa ncha, na nilijifunza kwa sababu nilitaka kwenda kumwona mama.

Mama, mzaliwa wa Kianjai, alikuwa kwetu Majengo mjini Meru, amelala kitandani na uvimbe tumboni. Baba, aliyekuwa na bucha pale pale, alinitumia maneno kwa dereva wa lori: njoo upesi, anakuita. Lakini siku hizo mtu hakuvuka kutoka Embu kwenda Meru bila pasi, na aliyetoa pasi yangu alikuwa memsahibu wa maendeleo ya akina mama, mkubwa wangu wa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwahutubia wanawake wa vijiji vile kuhusu vyoo na inzi.

“Wewe nasema, hawa bibi nalala,” aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuamuru wapishi. “Kwanza wao nasikia wewe. Halafu mimi naandika pasi.”

Hawakuwa wamelala. Kwetu Meru, na Embu vilevile, msemaji huitikiwa. Ukimaliza wazo unanyamaza kidogo, wasikilizaji wanasema “ii”, ndipo unaendelea. Usipoitikiwa, ujue umekataliwa. Wanawake wale walikuwa wamechimba matuta ya serikali tangu asubuhi, kisha wakaswagwa uwanjani na askari waje wanisikilize. Wangeweza kulazimishwa kuketi, lakini si kuitikia, na hiyo “ii” walininyima kabisa. Niliwaelewa, na bado niliwachukia. Nilisoma karatasi ya memsahibu neno kwa neno huku wao wakitazama vidole vya miguu yao.

Nilimfikiria baba buchani. Hakuwahi kutangaza kwamba nyama yake ni nzuri. Wachinjaji wote wa Majengo walisema hivyo kuhusu nyama yao. Alimwuliza mwanamke anayepita, “Mama, yule mtoto amepata nafuu?” kisha akanyamaza, kisu mkononi. Mwanamke alisimama kujibu, na akishasimama, mara nyingi aliondoka na mfupa wa supu.

Katika mkutano uliofuata, karatasi niliiacha mfukoni. Nilimwendea ajuza mmoja wa mstari wa mbele, amejifunika gunia mabegani, nikamwita cucu, yaani bibi mzee, na kumwuliza kwa Kimeru, ambacho Waembu hukielewa bila shida, “Cucu, inzi akianguka kwenye uji wako, unamtoa au unamla?” Kisha nikafunga mdomo. Nilinyamaza mpaka askari mmoja akakohoa.

“Siku hizi uji wenyewe ni maji, mwanangu,” ajuza akasema hatimaye. “Inzi ndiye nyama.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikawauliza inzi huyo alikuwa ametua wapi kabla ya kuja kwa cucu, nikawaachia nafasi wajibu wenyewe. Walijibu, tena kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Nilipofika kwenye kufunika shimo la choo, waliitikia “ii” kwa pamoja, nami nikafurahi kupita kiasi. Nilijua naenda nyumbani.

Memsahibu alinipa mkono mbele ya watu wote. “Wewe mzuri sana. Hapana mtu ingine najua hii kazi.” Kwa hiyo, akaeleza, singeweza kwenda Meru sasa, vijiji vingine vilikuwa vinaningoja. Nilimkumbusha habari ya mama. Akasema mama alikuwa na baba wa kumwangalia.

Basi niliamua kuharibu. Katika kijiji kilichofuata niliitoa ile karatasi nikaisoma kwa sauti iliyopooza, bila kuinua macho. Lakini sifa zangu zilikuwa zimenitangulia kupitia masokoni, na wanawake wakadhani namwiga memsahibu. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alibana pua akaniitikia kizungu. Memsahibu, asiyejua Kimeru wala Kiembu, alipiga makofi kwa raha. Nikashindwa kuendelea. Nilinyamaza ili nisilie, na kila nilivyozidi kunyamaza ndivyo walivyozidi kutulia na kunitazama, wakingoja. Sikuwahi kusikilizwa namna ile maishani mwangu.

Pasi niliipata baada ya dereva wa lori kuleta habari kwamba mama amezikwa. Memsahibu aliiandika mwenyewe, akanishika bega, akasema pole. Kisha akaongeza tarehe ya kurudi, karibu mno, kwa sababu wanawake, alisema, walikuwa wanauliza nitakuja lini.