Fundi Alfayo na Pua ya Chumba Baridi

Nilimwonea wivu Alfayo Oyugi kabla sijamjua vizuri, na nilipomjua wivu ukazidi. Nimejaribu kuandika habari zake bila kulitaja jambo hilo, nikashindwa.

Ukimwona huwezi kudhani ni mtu wa kuonewa wivu. Ana miaka hamsini na minne, mfupi, bega la kulia limeshuka kwa kubeba sanduku la vifaa. Kibanda chake kiko Sosiot, nyuma ya soko, na mbele yake zimesimama friji nne zisizo na milango ambazo kuku wa jirani hutagia mayai. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, na Alfayo akazaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Aliacha shule darasa la saba. Kipsigis chake ni safi kuliko changu mimi mwenye lugha, maana nilisoma shule za bweni, na mama yangu bado hunicheka nikikosea.

Ujana wake wote aliumalizia katika kiwanda cha chai, upande wa kunyausha majani. Majani mabichi hutandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu, na feni hupuliza upepo kutoka chini. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kutembea kutoka feni hadi feni na kipimajoto, kuupima upepo pale pale unapotoka. Ukiujua upepo, alikuwa akisema, umeyajua majani. Halafu kiwanda kikapunguza watu naye akapunguzwa. Mkewe Adongo alikuwa anauza samaki sokoni, na samaki wa kutoka ziwani, bila baridi, hawamsubiri mtu. Alfayo akaokota sanduku bovu la kuuzia aiskrimu, akalifungua, akalitazama wiki nzima, akalifufua. Ndivyo alivyoanza ufundi wa friji.

Mimi nilianza kwa njia nyingine. Nina diploma ya friji na viyoyozi. Nilipotoka chuoni nilitafuta kazi miaka miwili, na iliyopatikana ilikuwa ya karani wa kupokea maziwa katika ushirika wetu: kupima mitungi, kuandika lita. Niliikubali kwa sababu niliamini ushirika. Bado ninauamini. Wakulima wetu wamenyonywa na madalali tangu babu yangu akiwa na ng'ombe mmoja, na nilikuwa na hakika kwamba siku tutakapoweza kuyapoza, kuyatia kwenye pakiti na kuyauza maziwa yetu wenyewe, dalali atatafuta kazi nyingine. Kwa hiyo ushirika ulipojenga chumba baridi, na kamati ikanunua kontrola ya elektroniki ya kukiendesha, niliandika barua ya kurasa tatu nikiomba kuifunga mimi.

Meneja wetu, Chepchumba, aliniita ofisini.

"Kimeli, barua tumesoma. Ni nzuri. Lakini friji ya kanisa nani alitengeneza?"

"Baba Maxine."

"Na ya kwangu nyumbani?"

"Baba Maxine."

"Haya basi. Wewe pokea maziwa."

Baba Maxine ndiye Alfayo. Maxine ni kifunguamimba wake. Hata jina lake lilinichoma. Watu walilitamka kama wanaomwita shemeji.

Alikuja Jumatatu asubuhi. Nilimaliza kupokea maziwa haraka ili nikamtazame, na sitadanganya, nilikwenda kutafuta kosa. Kwanza alizima umeme kwenye swichi kubwa, akatoa fyuzi, akaitia mfukoni ili mtu yeyote asiwashe yeye akiwa ameshika nyaya. Sawa. Akakata tundu kwenye paneli kwa msumeno mdogo, akalilainisha kwa tupa, kisanduku cha kontrola kikaingia kama kimezaliwa humo. Hakizidi kiganja cha mkono. Nilimvizia kwenye waya wa kompresa. Fundi wa haraka angeuunganisha moja kwa moja kwenye kontrola, na ingeungua kabla ya Jumapili, kwa kuwa kompresa kubwa hula umeme mwingi kuliko uwezo wa swichi ndogo iliyo ndani yake. Alfayo aliweka kontakta katikati, ili kontrola itoe amri tu na kontakta ibebe mzigo. Sawa tena. Nyaya alizilaza pamoja, akazifunga, akazipa alama. Mwalimu wangu wa chuo hakuwahi kufunga nyaya zikapendeza hivyo, na mimi pia sijawahi.

Aliporudisha fyuzi, tarakimu nyekundu zikawaka. Nelvine, msichana wa maabara yetu, alikuwa amesimama karibu na ngazi yake. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima Nelvine aniulize swali lolote kuhusu kazi niliyosomea.

"Sasa hii inajua aje kuzima?" akamuuliza Alfayo.

"Namwambia." Akafinya kitufe, akakishikilia mpaka namba zikaanza kupepesa. "Hapa namwambia, ikifika nne, zima. Hapa namwambia, ikipanda mpaka sita, washa. Na hapa, kila saa sita simama kidogo uyeyushe barafu kwa mwili yako."

"Na stima ikipotea halafu irudi? Hapa Sosiot mvua ikinyesha tu, stima imeenda."

"Atangoja dakika tatu ndio kompresa iwake. Mtu akiona imenyamaza asikimbie kugongagonga. Hata wewe ukiamshwa, unaanza na mbio?"

Nelvine akacheka. "Na hii waya nyeusi ndefu?"

"Hiyo ndiyo pua yake. Bila pua hajui kama kuna baridi ama hakuna."

Akapanda ngazi ndani ya chumba, akaifunga ile pua mbele ya feni, mahali upepo wa baridi unapotokea, karibu kugusa koili, yale mabomba yanayotoa baridi.

Niliona. Nilijua papo hapo. Katika chumba baridi hupimi upepo unaotoka. Unapima unaorudi, uliokwisha kuzunguka kwenye bidhaa. Ukiiweka pua pale mbele inanusa baridi ya koili, kontrola inadhani chumba kizima kimepoa, inazima mapema. Kule mwisho, kwenye ukuta wa mbali, maziwa yanabaki na joto lake. Alfayo alikuwa amefanya alichokifanya kiwandani kwa miaka kumi na mmoja: kuupima upepo pale unapotoka. Kwa majani ya chai ni sawa kabisa. Kwa maziwa ni hasara.

Nilifungua mdomo. Na Chepchumba, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Mnaona mtu wa kazi? Huyu hana kelele ya barua."

Watu wakacheka, Nelvine pamoja nao. Nikaufunga mdomo.

Acha kiharibike, nilijiambia. Wataniita wenyewe. Na kuna jambo jingine nililojiambia, nalo ndilo linaloniaibisha zaidi: huyu hata si wa hapa. Mimi, niliyeshika kipaza sauti chuoni nikapinga ukabila mpaka sauti ikakauka. Wazo hilo halikutoka kwa mtu mwingine. Lilitoka kichwani mwangu, likiwa tayari limevaa viatu.

Jumanne tarakimu zilisoma nne. Jumatano zilisoma nne. Kila aliyepita alizitazama kwa furaha, na Alfayo alipokuja kukagua, watu walimkaribisha chai. Kompresa ilikuwa inawaka kidogo, inazima, inawaka tena. Niliisikia nikiwa kwenye mizani na nikajua maana yake. Jumatano mchana maduka mawili yalirudisha maziwa. Pakiti zilikuwa zimefura kama mito ya kitandani.

Sikuwa nimewaza watamlaumu nani. Nilidhani watamlaumu fundi. Lakini chumba kilikuwa kipya, namba ilikuwa nne, na fundi ni Baba Maxine. Basi lawama ikaelekea kwa wakulima.

Kwetu maziwa ya jioni hayaendi kwenye ushirika. Ni ya nyumbani: ya chai, ya watoto, na mengine hutiwa kwenye kibuyu yagande yawe mursik. Ila wapo wachache ambao huyalaza na kuyachanganya na ya asubuhi ili lita ziongezeke, na maziwa ya hivyo yanaharibu mtungi mzima. Alhamisi asubuhi Chepchumba alisimama mwenyewe kwenye mapokezi, akinusa kila mtungi. Alipofika kwa Janeffer akasimama.

Janeffer ni mjane mwenye ng'ombe wawili. Hutembea kilomita nne na mtungi wa lita kumi, na katika mwaka wote niliompokea sijawahi kukuta tone la maji kwenye maziwa yake.

"Hii inanuka moshi," Chepchumba akasema. "Imelala kwa kibuyu."

"Haijalala popote. Nimekamua saa kumi na moja."

"Na moshi?"

"Naosha mtungi, halafu nasugua ndani na mkaa ya mti ya senetwet, vile mama yangu alikuwa anafanya kwa kibuyu. Iko safi kushinda hiyo sabuni yenu."

"Mama, hapa si kwa mama yako. Maduka yanarudisha maziwa. Weka huo mtungi kando. Kadi yako ya kuleta maziwa itakaa kwangu mpaka kamati ikutane."

Watu kwenye foleni walikuwa wakitazama chini. Wengine walisogeza mitungi yao mbali na wake, kidogo kidogo, kwa mguu. Janeffer alitoa kadi kwenye leso, akaishika bila kuinyoosha mbele.

Alfayo alikuwa amefika kukagua. Chepchumba akamgeukia. "Baba Maxine, waambie. Chumba kina shida?"

Akachungulia kisanduku. Hakuonekana kufurahia jibu lake. "Mama Meneja, namba ni nne. Tangu Jumatatu ni nne."

"Umesikia?" Chepchumba akamwambia Janeffer.

Hapo ndipo nilipoacha mizani. Sikuwa shujaa, miguu ilienda yenyewe. Nilichukua kipimajoto cha Nelvine mezani, nikamwambia Alfayo, "Fundi, njoo nikuonyeshe kitu." Tukaingia wawili, mlango ukajifunga nyuma yetu.

Nilikwenda mpaka ukuta wa mwisho, nikatoboa pakiti moja, nikachomeka kipimajoto. Tukangoja huku pumzi zetu zikionekana hafifu kuliko inavyotakiwa kwenye nyuzi nne. Kikasoma kumi na moja.

Alfayo alikitazama kipimajoto. Akainua macho kwenye feni, kwenye pua. Nilimwona akitembea kichwani mwake, kutoka kitanda hadi kitanda, kule kiwandani.

"Nimepima kama chai," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Ilitakiwa hapa nyuma, pale upepo unarudi."

"Ndiyo."

Kompresa ilizima, feni ikanyamaza nayo. Katika ule ukimya akaniuliza kwa Kipsigis, sauti ya chini, nimeliona jambo hili lini.

Ningeweza kudanganya kwamba ni leo. "Jumatatu," nikasema. "Ukiwa kwa ngazi."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei, akafungua mlango.

"Mama Meneja," akasema mbele ya foleni yote, "mwachie huyu mama kadi yake. Kosa ni yangu. Nilifunga pua mahali mbaya. Namba ilikuwa nne kwa pua, kwa maziwa ni kumi na moja. Miaka kumi na moja nilipima majani chai, mkono ukaenda pale umezoea. Huyu kijana ndiye ameona."

Hakusema niliona lini.

Alipanda ngazi, akafungua ile pua, akaihamishia nyuma ya feni, upande upepo unakorudia. Namba nyekundu zikapanda: sita, nane, kumi na moja. Foleni nzima ilikuja kuchungulia mlangoni. Dakika tatu za kungoja zikapita, kompresa ikawaka, na safari hii haikuzima. Tulizitupa pakiti zote za ukuta wa mbali. Hadi saa nane mchana kipimajoto cha Nelvine kilikuwa kinasoma nne kila pembe.

Maziwa ya Janeffer yalikuwa yamepokewa, naye alingoja kuona mwisho; Chepchumba alimwomba msamaha, kwa maneno machache, kama mtu asiyezoea. Na nilipodhani kazi ya kutunza chumba sasa itakuja kwangu, akamwambia Alfayo, "Utaendelea kukuja kila Jumatatu." Mtu amekosea hadharani, amekiri hadharani, na wamemwamini kuliko jana. Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Mimi nilikuwa sahihi siku zote nne.

Alikuwa anafunga sanduku lake nilipomsogelea.

"Hukuwaambia," nikasema.

"Si mimi nilinyamaza, injinia. Hiyo ni yako." Akalitia bega chini ya mkanda wa sanduku. "Yule mama bado yuko barabarani, anatembea polepole."

Nilimfikia Janeffer karibu na majani chai ya kwanza, nikaupokea mtungi mtupu nimsaidie kuubeba. Aliniita mwanangu, akaanza kunishukuru kwa kumwokoa. Nikamkatiza. Nikamweleza yote: pua, ngazi, Jumatatu, barua yangu ya kurasa tatu.

Alisimama. Wachumaji wawili waliokuwa mstarini walitutazama, wakaendelea kuchuma.

"Ulijua nikiwa nimesimama pale na kadi?"

"Nilijua."

"Na ukaniangalia."

"Nilikuangalia."

Alinyoosha mkono, akauchukua mtungi wake, akaondoka nao. Asubuhi iliyofuata alirudi na lita kumi zilizonuka moshi wa senetwet. Alipofika mbele yangu aliuweka mtungi chini, akangoja mpaka Nelvine alipotoka maabara, akampa yeye apime.