Matambara ya Wabunge Watatu

Fundi Spana hakuwa mtu wa siasa, lakini historia ya ubunge wa jimbo lile la mjini aliijua kwa mikono. Kila baada ya uchaguzi, fulana za kampeni ziliishia gerejini kwake kuwa matambara ya kufutia oili. Mbunge wa kwanza aligawa fulana za pamba tupu, akakaa vipindi vitatu. Wa pili fulana zake zilichanika kabla ya kura kuhesabiwa, akadumu kimoja tu. Halafu akaja huyu wa sasa.

Siku moja gari la huyu wa sasa likazima mbele ya gereji. Spana akaona bahati imemjia, maana manispaa ilimtaka ahame pale, na neno moja la mheshimiwa lingemwokoa. Akafungua boneti huku akimweleza shida yake, akavuta tambara bila kuangalia. Kumbe ni fulana yenye sura ya mbunge wa pili, imelowa oili hadi masikio.

Mheshimiwa akacheka mpaka akashika mbavu. "Msugue huyo, fundi, msugue! Zangu nadhani umezitunza kabatini."

Spana alijua ni heri aitikie tu. Hasira zikamtangulia.

"Kabatini? Mzee, zako hazinyonyi hata tone! Ukifuta, unaisambaza tu oili. Nimezijaribu zote!"

Dereva akageuka kukagua matairi. Mheshimiwa akauliza taratibu, "Na za yule wa kwanza?"

"Hizo mpaka leo ziko kazini."

"Manispaa nitaongea nao, usihame. Ila kabla sijaagiza fulana za kampeni ya mwakani, nitakuletea kitambaa ukipime."

"Lete na oili yako, mzee," Spana akasema. "Hii ni ya wateja."