Matanga ya Mwenye Miwani

Nilipokuwa mtoto, kwetu Nyakabiga, mtaa wa mji ulio kando ya ziwa, niliamini kwamba Kongo ni wingu. Watu walinyoosha mkono wakasema ile ng'ambo ya ziwa ni Kongo, mimi naangalia, naona kitu cha buluu kimelala juu ya maji, basi, najua ndiyo hiyo, wingu lisiloondoka. Sikumwuliza mtu. Ukiwa na miaka tisa utajuaje kwamba wenzako wanaona zaidi?

Darasani ndiko nilikoumbuka. Maandishi ya ubaoni kwangu yalikuwa moshi tu. Mwaka wa tatu nilikuwa naurudia, na mwalimu alishamwambia bibi aliyenilea kwamba nikifeli tena nitatoka, maana watoto waliokimbia vita milimani walikuwa wengi na madawati machache.

Ndipo siku moja akaja muuguzi na katoni ya miwani. Akabandika karatasi ukutani, akaniambia nionyeshe kwa vidole herufi imegeukia wapi. Nikauliza, herufi ipi? Watoto wakacheka, yeye hakucheka. Alituambia miwani ile imetolewa na watu wa ng'ambo, mingine ni ya wazee waliokwisha kufariki, na mzazi atalipa bei ya kilo moja ya maharagwe tu. Akaandika jina langu kwenye kikaratasi: nije Ijumaa na mkubwa wangu, la sivyo Jumamosi katoni inakwenda mtaa mwingine, Mutakura.

Nilikimbia mpaka nyumbani, nikasema yote kwa pumzi moja, na wale wazee waliofariki nikawasema pia. Hilo ndilo kosa langu.

Bibi aliacha kupepeta mchele. "Apana," akasema. "Kitu ya mutu mwenye kufa haiguswe kama matanga yake hayajaondolewa. Ukivaa macho yake utaona vyenye aliona."

Nililia Jumatano nzima. Wala bibi hakuwa mkatili, nataka mnielewe, alikuwa ameona mengi miaka ile, na mimi ndiye mtoto aliyebaki naye. Kwetu mtu akifa, vitu vyake hukaa mpaka siku ya kuondoa matanga, watu wakae, wanywe, waseme maneno, ndipo vigawanywe. Huyo mwenye miwani, nani alikaa kwa ajili yake?

Aliyetuokoa ni jirani, Mzee Karoli, fundi cherehani aliyependa hotuba kuliko chakula. Mtaani hakuna harusi iliyopita bila yeye kusimama. Alinisikia nikilia ukutani kwake, akaja.

"Mama, kama shida ni matanga, si tuyaondoe?"

"Ya mutu hatujui jina?"

"Mungu anamujua. Mi nitakuwa familia yake."

Basi Alhamisi jioni, mapema, kabla ya saa ambayo hakuna anayeruhusiwa kutoka nje, tukapanga viti vinne uani, kimoja kitupu na juu yake kile kikaratasi chenye jina langu. Chupa moja ya bia, Fanta moja. Mzee Karoli alivaa koti, akasimama, akakohoa. Alisema wao familia wametoka mbali, ndege ilichelewa, tuwasamehe. Bibi akajizuia kucheka. Kisha sauti ya mzee ikabadilika. Ndugu yao alikuwa mtu wa kusoma sana, alisema, na miwani yake wanamwachia huyu mtoto, asome.

Bibi akasimama kujibu, kama inavyotakiwa. "Tumeshukuru. Mukifika kwenu mumwambie, kama kuna mabaya aliona, abaki nayo." Akamwaga bia kidogo chini, ya marehemu.

Ijumaa nilikwenda shuleni na bibi, muuguzi akanivika. Kubwa, ya kahawia, mkono wake mmoja umefungwa uzi. Kwanza nikaona uso wa bibi, mikunjo yote, sikujua anayo! Nikatoka mbio hadi uwanja wa shule, bibi nyuma yangu. Majani yalikuwa moja moja. Na kule, juu ya ziwa, wingu langu lilikuwa na mabega na makorongo.

"Bibi, Kongo ni milima."

"We ulifikiri ni nini?"

Nikageuka ili nicheke, nikaona ukuta wa darasa. Yale madoa ya rangi niliyokuwa nikiyachokoa kwa kidole, nikisubiri kengele. Hayakuwa rangi. Yalikuwa matundu ya risasi, kwenye urefu wa kifua cha mtu. Nikaona vyenye aliona, kama bibi alivyosema, ila havikuwa vya marehemu wa ng'ambo. Vilikuwa vyetu. Sikumwambia. Jumatatu nilisoma ubao wote, mstari kwa mstari, kwa sauti, mpaka mwalimu akaniambia inatosha, na mwaka huo nilipita.

Sasa mimi ni mzazi, na Keza wangu anashika kitabu hadi pua inagusa karatasi. Shule imeleta barua: watapimwa macho, miwani ni ya bei nafuu, mipya kabisa, haina marehemu. Nimefurahi hadi nimeshindwa kukaa, halafu naogopa, Mungu wangu, naogopa vyote atakavyoviona mwanangu siku atakapoona vizuri. Siku mbili barua imekaa mezani, inasubiri sahihi yangu.

Leo asubuhi nimetoa kiti kitupu uani. Nimefungua Fanta, nimemwaga kidogo chini, na kwa kuwa Mzee Karoli hayupo tena nimejihutubia mwenyewe, vibaya, majirani wanachungulia. Nimesema mabaya yabaki kwetu tulioyaona. Kisha nimeingia ndani nikatia sahihi.