Orodha ya Msiba Mpakani

Siku yangu ya kwanza kazini Uhamiaji, Tunduma, mkuu wa kituo alinionyesha wanawake wakivuka na mabeseni ya nyanya kichwani.

"Hao usiwadai pasi, bwana mdogo. Asubuhi wako Zambia, jioni wanapikia watoto huku. Jifunze sura zao."

Nikajifunza.

Baadaye nilihamishiwa kituo kidogo huko Ileje, ambako ng'ambo ya mto ni Malawi. Kule tulikuwa na orodha ya msiba. Mtu akifiwa, mwenyekiti wa kijiji aliandika majina ya wafiwa, sisi tukagonga muhuri, wakavuka kuzika bila pasi. Wandali na Walambya, wenyeji wa huko, wako kote kuwili. Mimi na mkuu wa kituo cha wenzetu wa Malawi tuliitana shemeji, kwa kuwa mkewe alizaliwa Itumba, kwetu.

Kisha tukapata rais aliyependwa, nami nilimpenda. Aliongea kama sisi. Alisema majirani wametunyonya vya kutosha, na anayetutaka abishe hodi. Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Balozi wetu aliitwa nyumbani, vikao vya ujirani mwema tulivyofanya na wenzetu kila mwezi vikakoma, na kituoni ikafika barua: havuki mtu bila pasi.

Wiki ya pili shemeji alikuja na mkewe, kofia mkononi. Orodha yake ilikuwa na jina moja, la mkewe. Mama mkwe wake alikuwa amefariki Itumba.

"Wanazika saa nane, shemeji."

"Pasi anayo?"

"Pasi? Huyu aliyekuwa anakubakizia ugali?"

"Ni agizo la rais."

"Kwani rais wako ndiye anayechimba kaburi?"

Foleni nzima ikacheka. Niliona haya, na haya ikageuka hasira. Nikakataa. Nakiri, siku ile nilijiona mzalendo kuliko siku nyingine yoyote.

Mkewe alirudi upande wao. Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa mto akiitazama milima yetu. Saa nane ilipotimu, alichota udongo kwa kiganja, akautupa majini.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mtapokea barua nyingi. Ile yetu ilifutwa rais mwingine alipoingia. Vikao vilirejea, wakubwa wakapigwa picha wakishikana mikono.

Nilipostaafu nilivuka kwenda kuomba radhi. Yule mama alinipa kiti, akaninawisha mikono. Nikaanza kumweleza habari za barua, za nyakati zile, za rais.

"Huyo mimi sikuwahi kumwona," alisema. "Niliyemwona ni wewe."