Mkono Wangu wa Kulia na Gemu za Jirani

Jumamosi moja mwezi uliopita nilirudi Temeke, kwenye nyumba ya marehemu bibi, kumkabidhi funguo mpangaji mpya. Nilipotoka nikasimama barazani nikatazama ng'ambo ya njia, palipokuwa na nyumba ya jirani yetu fundi cherehani. Haipo. Wamejenga fremu za maduka, zimepakwa rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilizubaa pale mpaka mpangaji akaniuliza, "Dada, kuna ulichosahau?" Nikamwambia hapana, nikaondoka. Lakini wewe ngoja nikueleze, maana mkono huu ninaolia chakula na kuandikia ulifunguka ndani ya nyumba ile.

Nililelewa na bibi. Jioni alikuwaga anakaanga bagia barazani, na mie kazi yangu ilikuwa kuosha dengu, kumenya vitunguu na kupepea mkaa. Harufu ya giligilani ilikuwa hainitoki kwenye nywele hata nikioga vipi. Siku moja, nikiwa darasa la nne, mvua ilikuwa imenyesha mchana na ardhi ilikuwa laini. Mguu wa jiko ukazama, karai la mafuta likaanza kuinama upande wa bibi. Mie nikalidaka kwa kiganja.

Bibi hakuungua. Mie niliungua kiganja kizima cha kulia.

Kidonda kilipona, lakini ngozi ilijikunja wakati inajifunga, ikakivuta kidole gumba kikalala juu ya kiganja. Hospitali tulipangiwa mtaalamu wa mazoezi, mama mmoja mpole, akatuonyesha jinsi ya kukinyoosha. "Usipokifanyisha kazi sasa hivi, mwanangu, kitakakamaa hivyo hivyo," aliniambia. Nyumbani, kila bibi alipokishika nilipiga kelele mpaka watu wakachungulia dirishani. Bibi akawa analia na yeye. Mwisho tukaacha wote wawili, kila mtu akajifanya amesahau.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa kidole. Kwetu, watu wa pwani, mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia. Bibi akawa ananipakulia peke yangu, sahani na kijiko. Hakuna aliyenisema. Ila sikukuu ya Idi, mashangazi na binamu zangu wote wamelizunguka sinia la pilau mkekani, wanagombea viazi na kucheka, mie niko pembeni na kijiko changu. Siku ile nikajiapiza: Idi ya mwakani nitakaa mkekani na wenzangu, na nitakula kwa mkono wa kulia. Sikumwambia mtu. Wala sikujua nitafanyaje.

Jirani yetu alikuwa mtu wa bara, mjane, Mkristo mwenye sauti nzito na lafudhi ya kwao huko Nyanda za Juu. Sebule yake aliigawa. Upande mmoja cherehani ya kukanyaga kwa mguu, upande wa pili televisheni na mashine za gemu ambazo watoto wa mtaa walikuja kucheza kwa kulipia. Bibi hakupapenda. Alisema pale wanafunzwa uhuni. Mie nilikuwa naingia tu nikitumwa nguo.

Siku moja nimefuata gauni la bibi, nikakuta binti mmoja wa darasa letu anacheza mpira wa kwenye gemu peke yake, hana mpinzani. Akanirushia pedi, kile kidude cha kushika mikono miwili, akasema, "Kaa bwana, tucheze, fundi hajamaliza." Nikakaa. Kukimbia unabonyeza kwa kidole cha shahada, kupiga shuti ni kidole gumba cha kulia. Mwanzoni nilikuwa nageuza pedi, nabonyeza kwa mkono wa kushoto. Nikafungwa magoli mpaka nikaona aibu. Halafu nikabaki mie na kipa, na yule binti anapiga kelele nisipige, na bila kufikiri nikakinyanyua kile kidole nikabonyeza.

Goli. Nilirukaruka mle ndani. Ndipo maumivu yakanifikia, moto mtupu mpaka kwenye kiwiko.

Jirani alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. "Hebu lete huo mkono," akasema. Akautazama. "Umekinyoosha wewe mwenyewe, au macho yangu?"

"Mie mwenyewe."

Akanishika mkono hivyo hivyo, akanivusha njia hadi kwa bibi. "Bibi, shikamoo. Mtoto huyu kidole chake bado ni kizima. Mwachie aje kwangu awe anacheza."

"Marahaba. Gemu?" Bibi alishangaa. "Jirani, unataka kuniharibia mjukuu?"

"Mkono umeshaharibika, bibi. Mie nataka tuutengeneze."

Bibi aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Sawa. Lakini hospitali wajue." Tukaenda, na yule mtaalamu wa mazoezi alicheka, akasema nicheze, mradi nisiache kunyoosha na nisipitilize.

Basi nikaanza. Kila nikitoka shule nilivuka njia. Wiki za mwanzo ngozi ilikuwa inachanika kidogokidogo, napaka mafuta ya nazi, kesho yake narudi. Nilikuwa naumia kama zamani, ila sasa nilikuwa na kitu cha kutazama mbele yangu, na maumivu yakakosa nafasi. Kidole kikaanza kuinuka kama mlango wenye kutu. Mwalimu wetu akaniona nimeshika penseli mkono wa kulia, herufi zimelala huku na huku, akaniwekea alama ya vema kubwa kuliko za siku zote.

Lakini nisikudanganye, gemu si dawa tu. Ilinishika. Nikilala naona wachezaji wanakimbia ndani ya kope zangu. Darasani vidole vinabonyeza chini ya dawati, mwalimu anaongea simsikii. Macho yakawa mekundu, kichwa kinagonga, shingo imekakamaa. Chakula nameza haraka haraka ili nivuke njia. Bibi akiniita kuosha dengu naitika kwa hasira, mie ambaye sikuwahi kumpandishia sauti. Wakati huo nilikuwa nimesahau kabisa habari za sinia la Idi. Nilikuwa nataka kushinda tu.

Alasiri moja nilisimama kutoka pale nilipokuwa nimechuchumaa mbele ya televisheni, miguu imekufa ganzi, nikaanguka kifudifudi. Jirani aliponiinua akaona kiungo cha kidole gumba kimevimba, kinang'aa. Akazima mashine, watoto wote wakaguna.

"Unacheza kwa ajili ya nini wewe?" akaniuliza.

Nililia kwa hasira, nikamwambia aniwashie nimalizie mechi.

"Sikuwashii. Kwanza nijibu."

Nikakaa pale sakafuni. Cherehani ikaanza tena kulia. Mwisho nikamwambia, yeye wa kwanza kuambiwa: "Nataka kula pilau na wenzangu kwa mkono wa kulia."

Jirani alisimamisha cherehani. "Basi tonge halibonyezwi," akasema. "Tonge linafinyangwa. Uvimbe ukiisha, njoo nikupe sindano na vifungo."

Mpaka uvimbe unaisha nilikuwa kama mgonjwa. Nilisikia makelele ya wenzangu ng'ambo ya njia, mikono inawasha, nazunguka uani nikipiga teke ndoo. Niling'ata meno. Nikamchambulia bibi mchele wote bila kuombwa. Niliporudi kwa jirani, utaratibu ulikuwa wake: mechi moja, halafu natoka nje natazama mbali, minazi iliyokuwa nyuma ya shule, mpaka macho yapoe. Halafu naketi wima kwenye kigoda nashona vifungo. Ile sindano, wewe! Pedi ilikifungua kidole, lakini sindano ndiyo iliyokifundisha kukutana na vidole vingine. Niliidondosha, nikajichoma, nikaiokota. Kuna siku jirani alinitania, "Leo tupumzike, umenimwagia vifungo vyote." Nikamwambia sipumziki. Nikaviokota chini ya meza kimoja kimoja, kwa mkono ule ule.

Idi ikafika. Bibi alipika pilau tangu alfajiri, mtaa mzima ukanukia bizari na kitunguu. Mkeka ukatandikwa, sinia likaletwa. Bibi akawa anatafuta kijiko changu. Mie nikanawa, nikakaa kati ya shangazi na binamu yangu mkubwa. Nikapeleka mkono wa kulia kwenye wali wa moto, nikafinyanga. Kidole cha mwisho, kilichoguswa na moto ule ule, hakikukunjika vizuri, hata leo hakikunjiki. Nusu ya tonge ilinidondokea kwenye gauni. Nusu nyingine ilifika mdomoni.

Bibi alikaa, akanyoosha mkono wake, akasukuma nyama zote upande wangu wa sinia. Binamu zangu wakapiga kelele kwamba anapendelea. Akawaambia wanyamaze, macho yamemjaa machozi, na sote tukajifanya ni moshi.

Jirani alirudi kwao bara nikiwa sekondari, na bibi naye akatangulia mbele ya haki. Mie sasa naishi Kimara, na mtaani kwetu gemu hazihitaji sebule ya mtu. Kila mtoto ana yake kwenye simu, anacheza peke yake chumbani, shingo imeinama. Gemu zimebaki, tena zimekuwa nzuri zaidi. Kilichopotea ni yule mtu mzima aliyekuwa chumba kimoja na wewe, anafanya kazi yake huku sikio liko kwako, mwenye ruhusa ya kuzima na kukuuliza unacheza kwa ajili ya nini. Siku hizi ukimgusa mtoto wa mwenzio, mama yake atakuuliza umekuwa nani kwake. Nimeshaulizwa mara moja, na dada mmoja wa nyumba ya nyuma, nilipomwambia mwanawe mwenye macho mekundu aweke simu ainuke, tena mbele za watu.

Nilimjibu kwamba mimi ni jirani. Na kesho nikimwona mwanawe anafikicha macho yale mekundu, nitamwambia tena ainuke.